Siku moja Salem na gari-nyumba: ingieni mjini kupitia bandarini

Mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, kaskazini kidogo ya Boston, unajulikana duniani kote kwa kesi za uchawi za mwaka 1692. Maduka yake yamejaa kofia ndefu nyeusi na mafagio. Lakini kwa familia inayozungumza Kiswahili mji huu una habari nyingine, tena kubwa zaidi: kwenye gati zake ndiko zilikotoka meli zilizopeleka Unguja kitambaa cha pamba kiitwacho merikani, na ndiko ilikoshushwa sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Ukiingia Salem kwa barabara ya maduka, utaondoka jioni bila kuyaona hayo hata kidogo.

Mwongozo huu ni wa familia inayosafiri na gari-nyumba, lile ambalo huku Marekani kila mtu analiita RV, na yenye siku moja tu ya kukaa mjini. Mpango wenyewe ni huu: gari linabaki ufukweni, watu wanaingia kwa miguu, na bandari inatangulia mambo mengine yote.

1. Chagueni mwezi

Oktoba iacheni. Mwezi huo watu zaidi ya milioni moja humiminika katika mji wenye wakazi wapatao 44,000, kwa ajili ya sherehe za Halloween. Barabara hufungwa, foleni hufika barabara kuu, na mwenye gari refu hana pa kugeuzia. Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri kwa familia yenye watoto, hasa siku za katikati ya wiki. Julai na Agosti pia inafaa, ila jua huwa kali kule gatini na hakuna kivuli.

2. Wekeni nafasi Winter Island

Ni miji michache ya kihistoria ya Marekani yenye kambi ya magari-nyumba ndani ya mipaka yake. Salem ina moja, Winter Island Park, inayomilikiwa na mji wenyewe. Iko kwenye rasi ndogo inayoingia bandarini, na hufunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba. Pana ufukwe mdogo, mabaki ya ngome ya Fort Pickering, na mnara wa taa wa mwaka 1871 uliojengwa juu ya miamba. Watoto wakiamka wanaona mashua kabla hawajaona gari hata moja.

Nafasi ni chache, kwa hiyo pigeni simu mapema. Mkipiga, ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: gari la urefu gani linaingia, umeme ni wa ampea 30 au 50, na maji taka yanamwagwa wapi. Majibu ya maswali haya yataamua kama mtalala kwa raha au mtahangaika.

Ikiwa imejaa, msijaribu kulala mtaani. Nendeni Harold Parker State Forest karibu na Andover, au Salisbury Beach karibu na mpaka wa New Hampshire. Hizo ni kambi za jimbo, kubwa na zenye miti au bahari. Tatizo lake ni kwamba mtahitaji gari dogo la kuwafikisha Salem, kwa sababu majengo ya maegesho mjini yana dari fupi na mitaa ya zamani ni myembamba. Barabara hizo zilipimwa kwa farasi na mikokoteni.

3. Jueni kimo cha gari lenu, kisha mzunguke Boston

Hatua hii isomwe na dereva mwenyewe, asiachiwe abiria.

Pimeni kimo cha gari kuanzia ardhini hadi juu ya kiyoyozi cha paani, si hadi kwenye paa tu. Andikeni namba hiyo, kwa futi na kwa mita, kwenye karatasi na muibandike mbele ya usukani. Magari-nyumba mengi ni futi 10 hadi 13, yaani mita 3 hadi 4. Pale Boston kuna barabara ya kando ya mto inayoitwa Storrow Drive, ambayo madaraja yake ni mafupi mno, na kila mwaka malori ya kuhamishia vyombo hukwama humo na kuchanwa paa. Soldiers Field Road na Memorial Drive nazo ni hivyo hivyo. Ramani ya kawaida ya simu haijui kimo cha gari lenu. Itawapeleka huko kwa sababu ndiyo njia fupi. Mahandaki ya Boston nayo yana masharti makali kuhusu mitungi ya gesi, na gari-nyumba halikosi mtungi.

Kwa hiyo msiingie Boston kabisa. Mkitoka kusini au magharibi, shikeni I-95 inayouzunguka mji, ambayo sehemu hiyo wenyeji huiita 128, mpaka Peabody, kisha ingieni barabara ya 114 kuelekea Salem. Funga valvu ya gesi kabla ya kuondoka. Fikeni kukiwa bado na mwanga, kwa kuwa barabara ya mwisho kuelekea Winter Island inapita katikati ya nyumba za watu na ina kona za kubana.

4. Jioni ya kufika: pikeni chakula cha kesho

Gari likishasawazishwa na umeme kuchomekwa, mpishi aanze kazi. Chakula cha migahawa ya Salem ni ghali, na mahali pa kukaa watu sita kwa pamoja hapapatikani kirahisi saa za mchana. Chapati za kukunjia mayai zinasafiri vizuri zaidi ya mkate. Zifungeni zikiwa zimepoa, la sivyo zitatoa jasho na kulainika. Pilau kwenye chupa pana ya kuhifadhi joto hukaa hadi mchana. Ongezeni ndizi, maji ya kutosha, na sweta kwa kila mtu hata kama ni Julai, maana upepo wa gatini hauangalii kalenda.

Watoto wakishakula, wakalisheni mezani muwape hadithi nzima kwa ufupi. Iko hapa chini kwenye hatua ya sita. Mtoto anayejua anakwenda kutazama nini hachoki upesi.

5. Saa mbili na nusu asubuhi: ingieni kwa miguu

Kutoka Winter Island hadi Derby Wharf ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima, na dakika arobaini hivi kwa mwendo wa watoto. Mnafuata Fort Avenue, kisha Derby Street. Mwenye mtoto mchanga abebe kigari cha kusukuma chenye magurudumu makubwa, kwa sababu vijia vya matofali mjini huyasumbua yale madogo. Kama kuna bibi au babu asiyeweza kutembea, mji una huduma ya magari ya kuitwa kwa programu ya simu, Salem Skipper, nauli yake ni ndogo. Pakueni programu hiyo usiku.

Njiani, upande wa bahari, mtapita House of the Seven Gables, nyumba nyeusi ya mbao iliyojengwa mwaka 1668 na nahodha John Turner. Kuingia ndani kuna kiingilio na ziara ina muda wake maalumu. Kwa siku moja, ningeitazama kwa nje na kusonga mbele.

6. Derby Wharf: hapa msiwe na haraka

Gati hili limeingia baharini karibu nusu maili, na mwishoni kuna mnara mdogo wa taa, mweupe na wa mraba, nao ni wa 1871. Eneo zima linatunzwa na idara ya hifadhi za taifa ya Marekani tangu 1938, na kulitembea ni bure. Anzeni kwenye kituo cha wageni au kwa mlinzi wa hifadhi yeyote mtakayemkuta, mwombeni vitabu vya watoto vya Junior Ranger. Mtoto anajaza maswali mchana kutwa, jioni anaapishwa na kupewa beji. Kwa mtoto wa miaka saba hadi kumi na mbili, hicho ndicho kitakachomtoa gati moja hadi jingine bila kulia.

Sasa hadithi yenyewe. Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitiliana saini mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan huko Muscat. Wafanyabiashara wa Marekani waliruhusiwa kuuza popote katika himaya yake, kwa ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 Marekani ikafungua ubalozi mdogo Unguja, na konseli wake wa kwanza, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Waingereza walifungua wa kwao mwaka 1841 tu. Waters alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, aliyekuwa amekodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha Unguja, na kwa miaka kadhaa biashara kati ya bandari hizi mbili ilipita zaidi mikononi mwao.

Meli za Salem zilishusha Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, kinachodumu. Watu wa pwani walikiita merikani, na misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikibeba kama fedha: ndicho kilicholipia ndovu, chakula na njia. Kurudi, meli zilipakia pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini kwenye bara la Mrima. Sandarusi ilikuwa ikitengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Ikishaoshwa, uso wake huwa na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na mnunuzi hodari alitambua ubora wake kwa kuvitazama vipele hivyo.

Simameni katikati ya gati mtazame ng'ambo ya maji, upande wa kusini. Majengo yale makubwa ya matofali yako mahali pa Naumkeag Steam Cotton Company, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1847 na kufuma nguo zilizofika mpaka Afrika Mashariki. Majengo ya kwanza yaliteketea katika moto mkubwa wa Salem wa Juni 1914, haya yakajengwa baadaye. Watoto wakubwa waambieni na upande wa pili: pamba iliyofumwa huku ilivunwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, na karafuu iliyopakiwa kule ilichumwa na watumwa wa mashamba ya Unguja na Pemba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya kusini, bei ya merikani ilipanda na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake sokoni Unguja. Biashara ya Salem haikurudia tena nguvu ile.

Mkabala na gati kuna Custom House ya mwaka 1819, yenye tai wa dhahabu juu ya paa. Ushuru wa shehena hizo ulilipwa hapo. Nyuma yake ni ghala la forodha, na kando ya barabara ni nyumba ya matofali ya familia ya Derby ya mwaka 1762. Ulizeni kituo cha wageni siku hiyo majengo gani yako wazi. Ikiwa merikebu ya Friendship iko gatini, ni nakala ya meli ya mwaka 1797 yenye milingoti mitatu, na watoto watataka kuhesabu kamba.

Kisha nendeni mpaka kwenye mnara wa taa. Kabla ya saa tano asubuhi, mpigieni bibi nyumbani kwa simu ya picha. Wakati wa kiangazi tofauti ni saa saba, kwa hiyo saa tatu na nusu ya Salem ni saa kumi na nusu jioni Unguja, Dar au Mombasa, na bibi bado yuko barazani. Mwulizeni merikani aliijua vipi: shuka, foronya, au nguo nyingine ya nyumbani. Mwachieni mtoto simu. Maelezo ya bibi yatafaa kuliko kibao chochote cha makumbusho, na ukiwa umesimama pale gatini unayasikia kwa namna nyingine.

7. Chakula na kupumzika Salem Common

Kutoka gatini hadi uwanja wa Salem Common ni dakika chache. Pana majani, miti mikubwa na michezo ya watoto. Tandikeni khanga, mle, mdogo alale. Saa moja nzima, msiipunguze.

8. Makumbusho ya Peabody Essex: chumba kimoja au viwili vinatosha

Mwaka 1799 manahodha wa Salem walianzisha chama chao, East India Marine Society, na sharti la kuingia lilikuwa moja: uwe umesafiri kupita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn ukiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Walichorudi nacho kutoka pwani za mbali kiliwekwa pamoja, na ndicho kilichozaa makumbusho haya. Ukumbi wao wa mwaka 1825 bado uko ndani. Waonyesheni watoto ukumbi huo, kisha nyumba ya Kichina ya Yin Yu Tang, iliyobomolewa kijijini kwake ubao kwa ubao na kujengwa upya hapa, ikafunguliwa mwaka 2003. Inatosha. Makumbusho hufungwa baadhi ya siku za wiki, kwa hiyo angalieni ratiba kabla hamjapanga siku yenu.

Mwenye familia ya wasomaji asogee mbele kidogo kwenye Essex Street hadi maktaba ya umma. Jengo lile lilikuwa nyumba ya John Bertram, mmoja wa matajiri wa biashara ya Unguja, na warithi wake waliutolea mji. Kuingia ni bure, na choo ni safi.

9. Ukumbusho wa 1692: alasiri, kwa sauti ya chini

Achaneni na majumba ya kutisha yenye sanamu na moshi. Watoto wadogo wataogopa, na wakubwa watatoka wakidhani kwamba Salem palikuwa na wachawi. Palikuwa na watu wasio na hatia. Mwaka 1692 walinyongwa watu 19. Mwingine, mzee Giles Corey, aligandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Wengine walifia gerezani. Mahakama ilipokea ushahidi wa njozi: mtu akisema ameona kivuli cha jirani yake kikimbana usiku, neno lake lilitosha. Oktoba mwaka huo gavana William Phips aliivunja mahakama hiyo.

Nyuma ya makumbusho, kando ya makaburi ya Charter Street ya mwaka 1637, kuna uwanja mdogo uliozungukwa na ukuta mfupi wa mawe. Mabamba 20 ya mawe yanatokeza ukutani kama viti, kila moja lina jina, tarehe, na namna mtu huyo alivyouawa. Pale mnapoingilia, tazameni chini. Maneno ya washtakiwa ya kujitetea yamechongwa kwenye mawe mnayoyakanyaga, na yanapofika ukutani yanakatika katikati ya sentensi, kama walivyokatwa wao mbele ya mahakimu. Mwacheni kila mtoto atafute sentensi moja, aisome, aone inapoishia.

Tafuteni bamba la Rebecca Nurse. Alikuwa bibi wa miaka 71, mcha Mungu, na majirani wengi walitia saini kumtetea, haikusaidia. Hapa mtoto aliyelelewa na Waswahili atauliza kama na kwetu hutokea. Mjibuni kweli. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yamefanywa mekundu na moshi wa kupikia miaka mingi. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, mara nyingine panapokuwa na ugomvi wa shamba. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kumwambia mtoto jambo hili kuliko kando ya jina la bibi huyu.

Waambieni pia habari ya Elizabeth Johnson. Alihukumiwa kifo mwaka 1693 lakini hakunyongwa, na kila mara majina ya wengine yaliposafishwa lake lilisahauliwa. Wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover walilifuatilia shauri lake mpaka bunge la jimbo, na mwaka 2022 akasafishwa rasmi. Waliofanya hivyo walikuwa watoto wa umri wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne.

10. Jioni Salem Willows

Rudini kwa Salem Skipper, miguu imeshafanya kazi yake. Beji za Junior Ranger zichukuliwe kabla kituo cha wageni hakijafungwa. Baada ya kupumzika kambini, tembeeni hadi Salem Willows, bustani ya ufukweni iliyo jirani. Mierebi yake ya kwanza ilipandwa mwaka 1801 ili kuwapa kivuli wagonjwa waliokuwa wakipona ndui hospitalini pale. Leo kuna bisi, michezo ya mashine ya sarafu, na mabenchi yanayotazama maji.

11. Asubuhi ya kuondoka

Mwageni maji taka kwanza, kisha maji ya kuoshea vyombo, ili bomba lisafike lenyewe. Chomoeni umeme, fungeni gesi, fungeni makabati, na mtu mmoja ashuke kumwelekeza dereva wakati wa kurudi nyuma.

Kama mna nusu siku zaidi, nendeni Lowell, umbali wa chini ya saa moja kwenda magharibi. Ni mji wa viwanda vya Massachusetts vilivyofuma nguo za pamba katika karne ya 19, nao sasa ni hifadhi ya taifa ya kihistoria. Katika kiwanda cha Boott mitambo ya kufumia bado inawashwa, sakafu inatetemeka, na mlangoni mnapewa vizibo vya masikio. Vichukueni, hasa vya watoto. Pigeni simu siku moja kabla muulize pa kuegesha gari lenye urefu kama la kwenu.